Barua za Ukuta wa Kusini

14 Januari

Dokta Mbuyi amesema nilale. Hakusema nipumzike, hakusema nipunguze kazi. Nilale kwa ubavu wa kushoto mpaka mtoto azaliwe. Nikauliza, hata kuketi mezani? Hata kuketi mezani. Damu niliyoiona leo ofisini, bironi kwetu, ilikuwa kidogo, lakini mimba zangu mbili za kwanza zilianza kutoka hivyo hivyo, kidogo kidogo, na dokta anazikumbuka. Amesema kondo la nyuma limekaa chini mno. Nina wiki ishirini na sita.

Mama yangu, mama Kapinga, amehamia hapa na masufuria yake. Mbayo, bwana yangu, ameinua miguu ya kitanda kwa matofali mawili.

Daftari hili nimelitoa kwenye begi la kazi. Kurasa za mbele zina vipimo vya Desemba. Nitaandika hapa, la sivyo nitatafuna kucha zote.

15 Januari

Mvua milimita 31. Mama ndiye anayesoma rula, ndani ya kopo la maziwa tulilolikata na kuliweka uani. Anaona nimeanza kuchanganyikiwa.

16 Januari

Kazi yangu, jeoteknik kama tunavyoiita, ni kuchunga ukuta wa kusini wa shimo letu la mgodi. Kutoka juu mpaka chini una mita mia na themanini. Tumeubandika vioo ishirini na viwili. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi mashine iliyo ng'ambo ya shimo inavipima kimoja kimoja, kisha inatuma barua pepe: kioo hiki kimesogea milimita kadhaa tangu jana. Kengele yake ilizimwa Desemba, maana ilikuwa inalia kila mvua ikinyesha hata kama hakuna kitu. Imebaki barua tu, na barua inafika kwenye kompyuta za biro, haifiki mahali pengine popote.

Chini ya ukuta ule Mbayo anaendesha pelle, ile mashine kubwa ya kuchimba.

Nafasi yangu wamempa Ntambwe, enjenia aliyemaliza chuo Lubumbashi mwaka jana. Nimempigia simu.

"Vioo viko namna gani?"

"Byote biko sawa, mama. Ulale tu."

Sawa si namba.

17 Januari

Nimempigia tena. Byote biko sawa.

19 Januari

Mvua 44. Nimeomba anipigie picha ya kioo cha kompyuta anitumie kwenye simu. Amekataa, ni kosa kutoa vipimo nje ya kampuni. Ni kweli ni kosa, sheria hiyo mimi mwenyewe nilimfundisha wiki yake ya kwanza. Nimekata simu bila kuaga.

20 Januari

Nimemtafuta Stany, fundi wa kompyuta wa pale kazini. Nilimwambia nataka kitu kimoja tu: kusoma barua za kazi nikiwa hapa kitandani.

"Mama, ile barua haitoke inje," akasema. "Kuko pare-feu. Ni sawa mulinzi kwenye mulango ya réseau, ya mutandao ya kazi. Mutu ya ndani akitaka kutoka, anatoka. Mutu ya inje akigonga, anamuangalia tu."

"Na mi niko mutu ya inje?"

"Kwa mashini, ndiyo. Funguo iko Lubumbashi, kwa mama Tania. Umuandikie."

Nimemwandikia mama Tania, mkuu wa mambo ya kompyuta, kwa simu, kwa kidole kimoja, nikiwa nimelala ubavu.

23 Januari

Hakuna jibu. Mvua 52. Ukuta ule unakunywa maji kama sponji, na mimi hapa nahesabu mabati.

24 Januari

Mama Tania amepiga. Sauti yake ni ya mtu asiye na haraka na kitu chochote.

"Mama Mushiya, pole na ugonjwa. Lakini mi sifungule mulango juu ya huruma. Kuko kampuni moja huku, ilifungula barua yake kwa inje, na mot de passe tu, neno ya siri, basi. Batu bakaingia, bakakaa mule miezi mbili bila mutu kuyua. Banasoma byote."

"Mama, miye sitaki byote. Nataka barua moja ya asubuhi."

"Batu bote banaanzaka na moja. Nitafikiri."

Atafikiri! Nimemwambia Mbayo jioni kwamba yule mwanamke angepimwa kwa vioo asingesogea hata nusu milimita. Mbayo akacheka, mimi sikucheka.

27 Januari

Leo nimefanya jambo ambalo silipendi, na ninaliandika ili nisije nikajidanganya baadaye.

Nilimpigia Stany nikamwambia aache lile neno la Lubumbashi. Aweke programu moja kwenye kompyuta yangu ya biro, aiache inawaka, mimi niingie kupitia humo.

"Hakuna mutu atayua," nikasema.

"Mi nitayua, mama. Na ule mwenye atapita nyuma yako, naye atayua."

"Uko muoga, Stany. Kule chini kuko batu, na weye unaogopa karatasi."

Akasema nilale vizuri, akakata. Mama alikuwa mlangoni na sahani ya bukari, ugali wetu. Aliiweka chini bila neno, na nikajua amesikia yote.

28 Januari

Mvua 12. Mtoto anapiga mateke upande wa kulia tu.

1 Februari

Sijalala kwa utulivu. Nikilala kulia mama anapiga kelele, nikilala kushoto mkono unakufa ganzi. Nimesoma gazeti la mwezi wa kumi mara nne.

2 Februari

Mama Tania amepiga tena, na safari hii alikuwa na maswali. Laptop ni ya nani? Nani mwingine anaigusa nyumbani? Nikizimia hapa, nani anajua neno la siri? Nikamjibu moja moja. Mwisho akasema Stany amemwandikia kurasa mbili akieleza vioo ni nini na kwa nini mtu mmoja asisome peke yake.

Stany. Siku sita baada ya yale niliyomwambia.

"Nitakupa barua tu, si kompyuta yote ya biro," akasema mama Tania. "Laptop moja, ya kampuni. Itapita mu VPN. Na kila mara code mupya."

3 Februari

Stany alikuja na pikipiki ya kukodi saa nne asubuhi, laptop ameifunga kwenye mifuko mitatu ya plastiki, yeye mwenyewe amelowa mpaka soksi. Mama akamletea beseni la maji anawe mikono, akidhani ni muuguzi, akaniambia ninyooshe mkono nitolewe damu.

Aliketi kwenye kigoda kando ya kitanda akanieleza. VPN ni kama bomba lililofungwa linalotoka hapa kitandani mpaka ndani ya pare-feu. Anayechungulia njiani haoni kinachopita. Lakini kabla bomba halijafunguka, napaswa kuandika neno la siri, halafu namba sita zinazoletwa kwenye simu, na namba hizo zinaishi dakika moja tu.

Tatizo likaanza hapo. Mvua ikinyesha Kolwezi, ujumbe kwenye simu yangu unafika ukitaka wenyewe. Namba za kwanza zilifika baada ya dakika tatu. Za pili baada ya nne. Za tatu hazikufika kabisa, na mlinzi wa Lubumbashi akatufungia.

Stany akampigia mama Tania. Akatufungulia, akasema tuache ujumbe, tuweke programu inayozitengeneza namba ndani ya simu yenyewe kwa kufuata saa, bila mtandao. Tukaiweka. Nikaandika namba. Zimekataliwa. Nyingine. Zimekataliwa. Stany akafuta miwani yake kwa shati lililolowa, akazidi kuichafua.

"Mama, hii simu iko na saa ya wapi?"

"Ya hapa. Angalia, saa tano na robo."

Akachukua simu, akaingia ndani ya mipangilio, akaanza kucheka peke yake. Simu ilikuwa imewekwa saa za Kinshasa, ambako wako nyuma yetu kwa saa moja. Mwaka jana nilichoka kuiona inarudi nyuma, nikaisogeza mbele kwa mkono. Kwa macho ya mtu ilikuwa sawasawa. Kwa mashine ilikuwa inadanganya saa nzima, na namba zake zote zilikuwa za wakati ambao haujafika.

Akaipa saa za Lubumbashi. Namba sita. Kimya. Halafu barua zangu zikashuka kwenye kioo, mia nne na kumi na moja, na ya juu kabisa ilikuwa ya leo saa kumi na mbili.

Nilimwambia Stany anisamehe kwa lile neno la uoga.

"Neno gani?" akasema, anafunga mifuko yake. Mama alimlazimisha kula kwanza.

Vioo: vyote chini ya milimita moja, isipokuwa 14 na 15, mbili mbili.

4 Februari

14: mbili. 15: mbili. 16: moja.

6 Februari

14: tatu. 15: tatu. 16: mbili. Ripoti ya Ntambwe: "Ukuta umetulia." Nimemwandikia, vioo vitatu jirani vinaposogea pamoja, hiyo si kutulia. Amejibu: "Nimepokea, mama."

8 Februari

Mvua 58. 14: tano. Amejibu: "Nimepokea."

11 Februari

14: tisa. 15: nane. 16: saba. Nimemwandikia Direkta, mkuu wa mgodi, moja kwa moja na nakala kwa Ntambwe: ghorofa ya chini ya shimo ifungwe. Saa sita mchana ikafungwa. Mbayo alirudi mapema, akaketi ukingoni mwa kitanda na buti zake.

12 Februari

Jua. 14: sita.

13 Februari

Jua kali. 14: tatu. 15: mbili. Hakuna hata jiwe lililoanguka.

14 Februari

Wamefungua ghorofa ya chini, na Direkta amenipigia mwenyewe.

"Mama, siku mbili bila kuchimba. Unayua siku mbili ni nini? Na ukuta iko pale inatuangalia."

"Tata Direkta, mvua ilikatika, ndiyo maana. Ikirudi..."

"Unamuogopea bwana yako. Hata miye ningeogopa. Lakini kariyeri, shimo nzima, haifungwe juu ya bwana ya mutu. Ulale."

Mbayo naye alirudi amekasirika. Kazini wanamwita "bwana ya mama wa kitanda." Wamemwuliza kama mimi ndiye ninayempangia na saa za kwenda chooni. Akasema ningemwambia kwanza kabla ya kuandika.

"Ningekuambia nini? Kwamba inasogea? Ungefanya nini?"

"Ningeyua, Mushiya. Ningeyua tu, kuliko kusikia kwa batu."

Hapo ana haki. Sikumwambia ana haki. Niligeukia ukutani, ubavu wa kulia, na mama hakupiga kelele.

15 Februari

Neno la siri, sawa. Namba sita, sawa. Kisha maandishi mekundu: huna ruhusa. Nimejaribu mara tano. Nimempigia mama Tania, hashiki. Nimempigia Stany. Amesema kwa sauti ya chini kwamba amri imetoka juu, mtu aliye kwenye likizo ya ugonjwa hapaswi kufanya kazi.

Nimeitupa laptop chini ya kitanda.

16 Februari

Mvua 20.

17 Februari

Mvua 35.

18 Februari

Mvua. Mama amekataa kupima. Anasema kopo linaniua.

19 Februari

Tumbo limekaza mara tatu. Dokta Mbuyi amekuja, akanidunga sindano, akaniuliza ninawaza nini. Nikasema siwazi. Akasema moyo wangu unakimbia kama mtu anayefukuza gari.

21 Februari

Ntambwe amekuja hapa nyumbani.

Nilidhani ameletwa na kampuni kuchukua laptop. Alisimama mlangoni na fungu la karatasi chini ya koti, akamwamkia mama kwa Kiluba, akakaribishwa kigoda kile kile cha Stany. Hakuwa akinitazama usoni.

"Mama, mi nilikuwa naangalia leo na jana tu," akasema. "Leo tatu, jana mbili, tofauti ni moja. Moja ni kidogo. Kila siku nasema ni kidogo. Juzi nikaweka siku zote kwenye karatasi moja. Nikaogopa."

Karatasi zile zilikuwa barua zangu. Alikuwa amezichapa zote na kuzipigia mstari kwa wino wa kijani. Nami nilidhani kila "nimepokea" ilikuwa mlango wa kunifungia usoni.

"Mbona hukuniuliza?"

"Uliniandikia vile mutu anaandikia mujinga, mama. Nilipata haya."

Nilitaka kujitetea, lakini karatasi ilikuwa mbele yangu na maneno yalikuwa yangu.

Hatukugusa vipimo vya sasa, sheria ni sheria. Nilimfundisha kwa vipimo vya zamani, vya ukuta mdogo ulioanguka kaskazini miaka mitatu iliyopita. Unachukua moja, unaigawanya kwa milimita za siku ile, unaweka nukta. Kesho yake unaweka nyingine. Ukuta ukianza kukimbia, nukta zinashuka kwa mstari ulionyooka. Unaweka rula, unauendeleza mstari, na pale unapogusa sifuri ndiyo siku yenyewe. Alifanya mara tatu. Ya tatu aliipata bila msaada, akaitazama rula muda mrefu.

Kabla hajaondoka alisema atamwandikia Direkta na mama Tania kwamba hajamaliza kujifunza, na kwamba anaomba kwa jina lake mimi nirudishiwe barua.

24 Februari

Mvua 61.

26 Februari

Mama Tania.

"Nilifunga kwa amri, mama. Na amri nikaomba iandikwe. Leo Direkta mwenyewe ameandika nifungule, juu Ntambwe aliomba. Jaribu."

Imefunguka. Nilidhani yeye ndiye aliyenifungia kwa kupenda. Nilimwambia hivyo. Akasema watu wengi hudhani hivyo, imo ndani ya kazi yake.

14: tano. 15: tano. 16: nne. Safari hii nimemwambia Mbayo namba kabla hajavaa buti.

1 Machi

Mvua 70. 14: kumi na mbili.

2 Machi

14: kumi na saba. Ntambwe ameandika: "Nimeweka nukta mbili. Nangoja ya tatu." Mimi pia.

3 Machi

14: ishirini na nane. Rula yangu inagusa sifuri kati ya kesho na kesho kutwa. Sikumwambia Ntambwe kitu, nilisubiri aandike. Ameandika: "Kesho ama kesho kutwa." Amemwendea Direkta na karatasi mkononi. Direkta amesema ailete kwenye mkutano wa kesho saa mbili asubuhi.

Mbayo anaingia zamu ya alfajiri. Amenisikiliza mpaka mwisho. Amesema mtu hawezi kukataa zamu peke yake, lakini atasimamisha pelle ikitazama njia ya kutokea.

6 Machi, hospitali

Naandika ya juzi, kwa mkono usio na sindano.

Tarehe nne mvua ilikatika alfajiri, na maji yote ya usiku yakaenda mtoni. Zamu ilikuwa imeshaingia shimoni saa kumi na moja. Basi la watu wa biro lilitoka mjini saa moja kasoro robo na kukuta daraja la barabara ya kazini limefunikwa. Hivyo bironi hakukuwa na mtu hata mmoja wa kusoma barua ya saa kumi na mbili. Kulikuwa na mimi.

Umeme ulikuwa umekatika. Laptop ilikuwa na moto wa betri asilimia kumi na moja. Mtandao wa simu ulikuwa kijiti kimoja, na kilionekana dirishani tu, kwa hiyo mama alisimama dirishani ameinua simu juu ya kichwa kama mtu anayeanika nguo. Neno la siri. Namba sita. Bomba likafunguka, likakatika. Namba nyingine sita. Asilimia nane. Likafunguka.

14: themanini na moja. 15: sabini na saba. 16: sabini na tisa. Na 17, ambacho tangu kibandikwe hakijawahi kusogea: ishirini na mbili.

Niliichukua simu kwa mama, maana kwa kupiga tu inashika hata kitandani. Nikapiga chumba cha redio, kile kinachoongea na mashine zote shimoni. Aliyeshika alinijua.

"Mama, uko congé, uko likizo. Mi siwezi kutosha batu mu shimo juu ya mutu wa congé. Nipatie mutu wa service, mwenye iko kazini."

Direkta, simu imezimwa. Mbayo simu yake hukaa kwenye kabati la nguo, hairuhusiwi chini. Nikampigia Ntambwe. Alikuwa kwenye pikapu ya kampuni, mbele ya daraja, maji mpaka kwenye taa za gari.

Hakuuliza kama nina hakika. Aliuliza namba.

Nikamsomea zote nne.

"Sema tena kumi na saba."

"Ishirini na mbili."

Nikasikia kitufe cha redio ya pikapu kikibonyezwa, na sauti yake, ile ya kupata haya, ikiwa imebadilika kabisa: "Kusini yote, Kusini yote. Mutoke. Muache mashini, mutoke na miguu. Ni Ntambwe wa jeoteknik nasema." Sauti nyingine ikauliza, iliyokwaruza, nani ametoa amri. "Ni mi," akasema. "Muandike jina yangu. Mutoke."

Saa moja na dakika tano.

Halafu hakukuwa na kitu cha kufanya. Laptop ilizimika. Simu ya Ntambwe ikakatika. Nililala kwa ubavu wa kushoto kama nilivyoagizwa, na saa mbili nikasikia joto la damu mapajani. Sikusema. Nilijua nikisema watanibeba, na nikibebwa sitasikia simu. Naandika hili, ikiwa ni mtoto wangu ndiye atakayesoma: nilikuhesabu, na nilimhesabu baba yako, na nilishindwa kuchagua, nikanyamaza robo saa nzima. Mama ndiye aliyeinua shuka.

Jirani alitupeleka kwa gari lake. Dokta Mbuyi hakuuliza kitu, alianza kutoa amri korido nzima. Simu ilibaki kwenye mkoba wa mama.

Nilipoamka baada ya kupasuliwa, Mbayo alikuwa pale, na matope meupe mpaka kwenye nyusi. Nilitaka kumwuliza habari za mtoto, akanitangulia.

"Ni binti," akasema. "Eko anapumua peke yake. Mudogo sana, lakini anapumua."

Baadaye ndiyo akanieleza. Ukuta ulikuja saa tatu na dakika arobaini. Haukuja kama jiwe, alisema, ulikuja kama mtu anayekaa chini amechoka. Pelle yake yote iko chini ya mawe hayo. Watu thelathini na wanne walitoka kwa miguu, walisimama juu ng'ambo, na walikuwa wanamlaani Ntambwe kwa kuwapandisha kilima bure. Walimlaani zaidi ya saa mbili. Kisha wakanyamaza.

7 Machi

Kilo moja na gramu mia tisa. Tumemwita Shekina.

9 Machi

Mama Tania amepiga. Kwanza ameuliza habari za mtoto. Kisha akasema: "Inspection ya serikali inakuja. Kama bakikuuliza, registre yangu, daftari ya pare-feu, iko na tarehe na saa, siku ulifungiwa na siku ulifunguliwa. Iko na jina ya mwenye aliomba. Mi sifutake."

11 Machi

Direkta amekuja na matunda na bahasha kubwa. Alimtazama mtoto kupitia kioo, akasema ni mzuri, na nadhani alimaanisha. Kisha akatoa ripoti. Nisaini mahali pangu.

Niliisoma yote, sina haraka siku hizi. Ukurasa wa tatu: "Mhusika wa vipimo alikuwa na njia ya kusoma barua kutoka nyumbani wakati wote wa msimu."

"Si wakati wote, tata Direkta."

"Ni neno tu, mama. Batu bote beko wazima. Tunashukuru Mungu, tunaendelea."

"Tarehe kumi na tano mpaka ishirini na sita nilikuwa nje."

"Ukiweka ile, bataniuliza miye." Akavuta kigoda karibu. "Mama Mushiya. Kontra yako ya kazi inaisha mwezi wa sita. Miye ndiye nasainiaka kontra."

Mbayo alikuwa amesimama dirishani. Nilimtazama, maana safari hii nilitaka ajue kabla. Hana pelle tena, wamemweka kwenye orodha ya wanaongoja mashine. Alikuja akachukua kalamu mezani, akaniwekea mkononi.

Niliandika pembeni ya mstari ule, kwa herufi za kusomeka: "isipokuwa kuanzia 15 hadi 26 Februari, kwa amri." Nikasaini chini yake. Nikasaini na mahali pangu.

Direkta alisoma. Nilikuwa nikingoja aichane, na sijui ningefanya nini. Akaikunja, akairudisha kwenye bahasha, akaenda bila kuaga. Matunda aliyaacha. Mama aliyaosha mara mbili kabla ya kutugawia.

12 Machi

Stany amekuja kuchukua laptop. Ameniuliza kama nataka njia iachwe wazi mpaka nirudi kazini, kama nitarudi. Nimesema aifunge. Ntambwe anasoma, na kuna mwingine wa pili anafundishwa, ameandikwa rasmi.

Alimpigia mama Tania, wakaifunga mbele yangu. Jina langu likatoka kwenye orodha. Mikono yangu ilitafuta kitu cha kushika, haikupata, nikaomba niletewe Shekina.

20 Machi

Mvua imekatika siku ya nne. Hakuna barua kuhusu kontra. Mtoto leo: kilo mbili na gramu mia moja na kumi.